Aliyekwenda Msibani na Kadi Mfukoni

Ndugu zangu, kabla hatujaendelea na somo letu, nipeni dakika chache niwaeleze habari za mtu mmoja wa Tukuyu, kule ambako mvua hainyeshi kwa kubahatisha.

Mtu huyu alikuwa mkodishaji wa maturubai na viti vya shughuli. Hakuwa mvivu, wala hakuwa tapeli. Viti vyake vilikuwa safi, maturubai yake hayavuji. Lakini wateja walikuwa wanapungua, na mke wake alikuwa ameacha kumuuliza habari za kazi, maana jibu alilisoma usoni mwake akiingia tu mlangoni.

Akaenda semina ya wafanyabiashara. Kule akaambiwa: biashara ni watu, toka nje, fahamiana na watu. Neno zuri, au siyo? Alilipokea kwa moyo wote, ila alilipokea kwa namna yake. Akachapisha kadi zenye jina na namba ya simu, akaanza kuzunguka. Harusi yupo, ubatizo yupo, msiba yupo. Akifika, anatupa macho: nani amevaa suti, nani ameshuka kwenye gari. Hao ndio anaowapa mkono. Asipomwona mtu wa maana, anaondoka kabla hata ya sala. Mnacheka? Tusimcheke sana. Mtu huyu alikuwa na ada za shule za watoto kichwani, na hofu humfanya mtu aone wenzake kama milango tu, huyu wa kubisha, yule wa kupita.

Jumamosi moja akasikia kwamba meneja wa kiwanda cha chai amefiwa na mzazi. Akavaa shati jeupe, akaweka kadi mfukoni, akaenda. Uwanja umejaa. Lakini akaona kitu kilichomuuma: maturubai yaliyofungwa pale yalikuwa ya mshindani wake wa mtaa wa juu, mtu ambaye walikuwa hawasalimiani naye kwa kunyang'anyana wateja. Akatafuta kiti karibu na wakubwa.

Bibi mmoja alikuwa akipita kwenye viti, akiwashukuru waliokuja. Akamfikia.

"Asante kwa kuja, mwanangu. Wewe ulimfahamu marehemu?"

"Sana, mama. Alikuwa kama baba yangu. Kwa kweli tumempoteza mzee."

Bibi akamtazama. "Mzee yupi, mwanangu? Aliyelala mle ndani ni dada yangu, mama yake meneja. Anaitwa Tulinagwe."

Ndugu zangu, kuna aibu inayomfanya mtu atamani ardhi ipasuke. Walio karibu walisikia. Akainuka aondoke. Lakini yule bibi akamshika mkono, akavuta kiti, akaketi.

"Usiende. Umeshafika. Kaa nikuambie alikuwa nani."

Akamweleza. Kwamba Tulinagwe alikuwa mkali kwa watoto, na alikuwa wa kwanza kuwalilia wakiugua. Kwamba aliimba sauti ya pili kanisani mpaka pumzi ilipomwishia. Kwamba siku zake za mwisho alikuwa akiuliza kama mvua imenyesha, kwa sababu alipenda kuisikia juu ya bati. Na mtu wetu, ambaye alikuwa amekwenda kwenye misiba mingi mno, kwa mara ya kwanza akasikiliza habari za marehemu. Akamkumbuka mama yake mwenyewe. Machozi yakamtoka, naye hakuyafuta.

Hapo mvua ikashuka. Mvua ya Tukuyu. Maji yakajikusanya juu ya turubai kubwa, likabonyea katikati, vyuma vikaanza kulia. Yule mshindani alikuwa anahangaika peke yake, anashika nguzo hii, ile inalala. Vibarua wake walikuwa kwenye shughuli nyingine. Turubai likianguka mbele ya watu wazito namna ile, biashara yake imekwisha. Na kadi zipo mfukoni mwa nani?

Ungefanya nini wewe? Sema kweli, uko mbele za Mungu.

Mtu wetu akavua viatu. Akachukua mti mrefu, akaingia chini ya lile turubai, akasukuma maji kutoka ndani mpaka yakamwagika pembeni, mengine yakamwagikia yeye. Akampigia simu dereva wake: "Lete maturubai yetu yote, upesi." Wakayafunga wawili, yeye na mshindani wake, bega kwa bega, bila kusemezana isipokuwa "vuta" na "kaza". Tulinagwe akaagwa pakavu.

Meneja akaja kushukuru. "Haya yaliyoongezwa ni ya nani?"

Mtu wetu akanyoosha kidole kwa mwenzake. "Ni ya huyu, mzee. Ndiye mwenye kazi."

Sasa ninyi mnangoja niwaambie kwamba meneja alikuja kuujua ukweli, akampa kazi zote za kiwanda. Hapana. Meneja hakukodi kwake hata kiti kimoja. Aliyekuja kumgongea mlango ni yule mshindani.

"Kuna harusi kubwa Kyela," akasema. "Peke yangu siiwezi. Na wewe peke yako huiwezi. Twende wote."

Wakaenda wote. Na nyingine, na nyingine. Leo hao wawili, mmoja akijaa kazi humtuma mteja kwa mwenzake, na mteja huenda bila wasiwasi. Na mtu wetu, kila akipita njia ile, huingia kumsalimia yule bibi. Bibi hana shughuli ya kumpa. Huingia tu, wanakunywa chai.

Ndugu zangu, sisi tunaomba Mungu atufungulie biashara, atuletee watu. Je, kama ameshawaleta, na sisi tunaangalia viatu vyao? Mshindani wako ana watoto wanaokula kama wako. Mteja wako ana mama anayeumwa. Lakini msitoke hapa mkaanza kusaidia watu ili mpate kazi; huo utakuwa ujanja uleule uliovaa nguo za Jumapili. Mpende mtu kwa sababu ni mtu. Kazi ikija, asante Mungu. Isipokuja, umempata mtu, na hiyo si hasara.

Uliyekaa naye benchi moja asubuhi hii, anaitwa nani? Miaka mingapi mnaketi hapo? Mgeukie. Muulize jina lake, na akianza kukujibu, usitazame pembeni.