Chui wa Miguu Mirefu

Zamani, wajukuu wangu; zamani ambazo hata bibi yangu alizikuta zimekwisha kupita. Sogeeni, na aliye nyuma asimsukume aliye mbele.

Ukoo wetu uliishi chini ya kilima cha mawe. Walilima mtama, nyani wakashuka, wakala. Walilima tena, nyani wakashuka, wakala. Wazee wakasema mtama wa safari hii ukiliwa, tunahama, na makaburi yetu tunayaacha.

Alikuwepo mjane, Nkwimba, mchoraji wa kuta za nyumba. Akasema nyani anamwogopa chui, basi atawachorea chui. Kando ya shamba mwamba mpana ulikuwa umelala kama mkeka. Akachukua udongo mwekundu, majivu na mkaa, akachora. Akapanda kilimani, akatazama, akashuka, akachora. Akapanda tena, akatazama, akashuka, akachora. Wengine husimulia kwamba alikuwa simba. Si kweli. Alikuwa chui.

Watu walipokuja kumwona, walicheka hadi wakashika mbavu. Miguu ilipita ya twiga, shingo imevutika, kichwa kirefu kama mtumbwi. Shemeji yake Ngusa, mkuu wa ukoo, akamwuliza, “Shemeji, huyu chui mama yake nani, mbuni?”

Kisha Ngusa akaacha kucheka. Akaagiza maji yaletwe, mchoro ufutwe, watu wakafunge mizigo.

Nkwimba akakishika kibuyu cha maji. “Shemeji, mtama wetu unaliwa na nani?”

“Na nyani.”

“Wanatokea wapi?”

Ngusa akanyoosha kidole kilimani.

“Basi kasimame pale. Sikukuchorea wewe.”

Akapanda akinung'unika. Akafika, akageuka. Mnadhani aliona nini? Miguu imefupika, shingo imerudi mahali pake, na chui mzima amesimama kwenye mtama, anamtazama yeye. Ngusa, mtu mwenye wake wawili, akajificha nyuma ya jiwe.

Aliposhuka hakutaka maswali. “Hayo maji kamwageni kwingine,” akasema.

Kesho yake nyani walikuja, wakafika pale pale, wakabweka, wakageuka, wakarudi walikotoka. Mtama ukaiva. Ukoo haukuhama, ndiyo maana ninyi mmezaliwa hapa. Na kila mvua ilipomfuta chui, wanawake wetu walimchora upya. Udongo ule nami nimeushika.

Basi, wajukuu, ukiona kitu kimepinda, usikimbilie kukifuta. Uliza kinatazamwa kutoka wapi, uende ukasimame pale.

Kisa nilipewa kizima, nami nimewapa kizima. Atakayekisimulia kesho, asimpunguzie chui miguu.