Punda wa Nani?

Zamani Unguja ilikuwa na sheria mbili: wenyeji walihukumiwa na kadhi wa Sultani, wageni wakahukumiwa na balozi wao. Basi Bwana Fiske, Mzungu tajiri, alimtamani punda mweupe wa Bi. Kazija, muuza vikuba vya asumini, akamchukua hivi hivi mchana kweupe.

Bi. Kazija akaenda kushtaki. Kadhi akasema, "Mwanangu, mgeni simwezi. Nenda kwa balozi."

Balozi alicheza karata na Fiske kila alasiri. Bi. Kazija hakumfungulia hata mlango.

Bi. Kazija akamwendea Fiske mwenyewe. "Nimekuachia, bwana. Ila mfunge kwa kamba ndefu. Kamba fupi humtia hasira, akapiga mateke."

Fiske akashukuru. Alasiri ile akampanda hadi kwa balozi, akamfunga bustanini kwa kamba ndefu. Karata zilipokwisha, asumini zote za balozi zilikuwa zimebaki vijiti.

"Punda wa nani huyu?" balozi akanguruma. "Mwenyewe namtia jela."

Fiske akaangaza macho, akamwona Bi. Kazija amesimama langoni. "Wa yule mwanamke. Naapa, si wangu."

Karani wa balozi akayaandika maneno hayo.

"Kweli, ni wangu," akasema Bi. Kazija, huku akifungua kamba. "Kila siku humlisha asumini zilizododa."

"Basi jela utaingia wewe."

Bi. Kazija akapanda punda wake. "Mwenyeji humwezi, bwana. Nenda kwa kadhi."