Macho Makubwa Kama Sinia

Niitikieni, wenzangu, niwape ya msituni!

Hoza aliongoza wageni kutazama wanyama usiku. Akamulika juu: macho mawili, komba. Akamulika chini: macho mawili, fungo. Akamulika mbele: macho mawili, makubwa kama sinia. Zimwi!

"Leo nawala nyote!"

Mkono wa Hoza, kwa mazoea, ukainamisha tochi, maana mnyama wa usiku hamulikwi machoni.

"Shikamoo, babu. Samahani, nimekuumiza macho."

Zimwi likapigwa na butwaa. "Miaka mia watu wananimulika na kukimbia. Hakuna aliyewahi kuniomba radhi."

Likakaa kitako, likachana nywele kwa kucha.

"Haya, mjukuu wangu, nimulike tena, ila pembeni. Yule mgeni wa nyuma hajaniona vizuri."