Kisima Kilichohukumiwa

Ndugu zangu, mmewahi kusikia kisima kikishtakiwa? Basi sikieni.

Mama mmoja mjane alikuwa na watoto wawili. Yule mkubwa, wa kiume, alitumbukia kisimani akichota maji, akafa. Kisima kile kilikuwa katikati ya kijiji, maji yake matamu, ila hakikuwa na kifuniko. Mama alilia mpaka sauti ikakauka. Hakuwa na mtu wa kumlaumu, na uchungu usio na wa kulaumiwa hauna pa kukaa. Arobaini ilipopita akambeba binti yake mchanga mgongoni, akaenda barazani kwa jumbe.

"Nimekuja kumshtaki aliyemuua mwanangu," akasema. "Ni kile kisima."

Watu wakatazamana. Seremala mmoja akasema kwa upole, "Dada yangu, kisima hakina mikono. Ngojeni niwatengenezee kifuniko."

"Kifuniko! Mwanangu yuko kaburini, wewe unaniletea mbao?"

Nani angebishana na mama mfiwa? Jumbe aliyaogopa machozi yale. Akaliongoza baraza zima hadi kisimani, akainama, akauliza mara tatu, "Ewe kisima, una la kujitetea?"

Kisima kikanyamaza.

"Aliyenyamaza amekiri," akasema jumbe. Hukumu ikatoka: asichote mtu tena, na kila apitaye atupe jiwe ndani, kama apigwavyo muuaji.

Mama akatupa la kwanza. Aliposikia likipiga maji, moyo ukapoa kidogo. Kesho yake akatupa jingine, na kesho kutwa pia. Watoto waliozaliwa baadaye wakawa wanatupa bila kujua kisa, wakidhani ndiyo desturi ya kupita pale. Maji yakafuatwa mtoni, mbali, kwenye mamba.

Yule binti wa mgongoni akakua, akafikia kubeba ndoo. Mwaka huohuo mamba akamchukua mtoto wa jirani. Mama akakosa usingizi. Kulipopambazuka akachukua ndoo na kamba, akaenda kwa jumbe, ambaye sasa alikuwa mzee wa mvi.

"Baba, nimekisamehe kisima. Nifutie kesi."

"Imefutwa, mwanangu. Kisima ni huru. Nenda ukachote."

Akakimbia. Akateremsha ndoo. Kamba haikufika mbali. Ndoo ikagonga pakavu. Mawe yalikuwa yamekaribia mdomo.

Akapiga magoti, akatoa jiwe moja, akatoa la pili. Vidole vikachubuka. Mara akasikia sauti nyuma yake: "Mama, nipe hiyo ndoo. Jua linapanda, wenzangu wameshatangulia mtoni."

Mama akaitazama ndoo. Akampa.

Ndugu zangu, hukumu ilifutwa kwa neno moja. Mawe je?

Na sisi? Siku ya uchungu tulitamka: yule asikanyage kwangu, ukoo ule tusioane nao, binti huyu ametuaibisha, shule basi. Uchungu wetu ulikuwa wa kweli, wala simkatazi mtu kulia. Lakini kifuniko tulikikataa, na kila asubuhi tunapita tukitupa jiwe. Watoto wetu nao wanatupa, wasijue wanampiga nani.

Leo ukirudi nyumbani, usiishie kusema "nimesamehe." Piga magoti utoe jiwe. Utoe na jingine. Maana nyuma yako amesimama mtoto, anangoja ndoo.