Paa la Umandege

Hapo zamani za mbali, juu ya kilima kimoja kikavu, mto ukiwa mbali huko bondeni, waliishi ndege walioitwa umandege. Manyoya yao yalinasa ukungu wa alfajiri, na jua lilipochomoza maji yalichuruzika mkiani, yakajaza mtungi mmoja, wa kutosha nyumba moja tu. Umandege akishazoea paa, hahami tena mpaka afe.

Ikatokea mwewe wakawamaliza. Likabaki yai moja kwenye jabali. Mwadime, mkazi wa kilima kile, akalipanda jabali, akateremka amelibana yai mdomoni. Karibu na chini akateleza. Yai likasalimika, lakini mguu wake ukavunjika, usiunge sawa tena.

Dada yake, Saru, mwenye nyumba na watoto wake hapo jirani, akalikuta yai linapoa. Akalitia kwapani. Msimu ule hakulima, maana mkono haukuinuka. Watu walimcheka, yeye aliinamisha sikio tu, akisikiliza.

"Kuna kitu kinakwaruza humu ndani," alimwambia kaka yake. "Natamani nikione kabla sijafa."

Kinda likatoka, jeupe, kavu. Likakaa ukunguni bila kunasa hata tone. Saru hakujua la kufanya. Ndipo jirani yao, Wakio, akawa analipandisha kileleni kila alfajiri, akilikunjua mbawa kwa vidole, mpaka manyoya yakajifunza kufunguka. Baridi ya kule ikamwachia kikohozi kisichokwisha.

Ndege alipokomaa, wakakutana uani kwa Saru.

"Mtoni sifiki tena," alisema Mwadime. "Na bila mimi, yai lingeozea jabalini."

"Lingeozea hata mikononi mwako, kaka," Saru alijibu taratibu. "Mimi nimemwangua, na ghala langu ni tupu."

Wakio alikohoa kwanza. "Mlikuwa na ndege. Maji nimeyaleta mimi."

Hakuna aliyesema uongo. Mwishowe Mwadime akasema, "Saru, anakufuata wewe. Paa utakalomweka ndilo atakalolizoea. Mweke."

Saru akamchukua. Alimtaka kwake, alimtaka sana. Akautazama mguu wa kaka yake. Akakisikia kifua cha Wakio. Akasimama katikati ya mapaa matatu, ndege mkononi, asijue aelekee wapi.

Haya, ninyi mliosikiliza, mwambieni Saru: je, nani alistahili?