Bakuli la Pole

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Palipowaka?"

"Pakazimwa!"

"Na aliyezima?"

"Akakaa akasikiliza!"

Haya, kaeni basi msikilize. Wewe wa nyuma, acha kutafuna muwa, ngano hii haitaki kelele. Na mwenye moyo mwepesi ajisogeze karibu na mwenzake, maana mambo haya hata mimi ninayeyasimulia mwili unanisisimka.

Hapo zamani za kale, zamani hasa, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba na kuzikana, palikuwa na mji wao ukingoni mwa mto. Mfalme wao alikuwa Ndovu. Mji ule ulikuwa na desturi moja, nao waliiringia desturi hiyo kupita kiasi.

Mtu akifiwa, lililetwa bakuli kubwa la mti, likajazwa maji, likawekwa mlangoni pake. Kila anayekuja kutoa pole huchovya mikono yote miwili, akanawa uso, akasema, "Chozi lako langu." Kisha huingia ndani akala chakula cha matanga na wenzake, sinia moja, mikono hiyo hiyo.

Maji yale hayamwagwi. Yanakaa hivyo hivyo mpaka matanga yaanuliwe. Na hata hapo hayamwagwi yote, jamani! Kidogo yanatiwa kwenye kibuyu, yanawekwa. Msiba mwingine ukitokea, yale ya kibuyu yanachanganywa na maji mapya, ili msiba wa huyu usalimiane na msiba wa yule. Waliyaita mbegu ya maji.

Mtunza bakuli na kibuyu alikuwa Bi Nguchiro. Alirithi kazi hiyo kwa mama yake, na mama yake kwa mama yake. Mwenye bakuli alikuwa na miiko. Hachovyi mkono, wala hali chakula cha matanga. Yeye kazi yake kushika ukingo wa bakuli na kuimba:

*Nawa, jirani, nawa,*
*Chozi lako ni langu.*
*Nawa, jirani, nawa,*
*Msiba wako ni wangu.*

Aliimba vizuri mno. Hata asiyemjua marehemu alilia.

Basi siku moja Swala alirudi kutoka safari ya mbali, tumbo linamwendesha. Linamwendesha hasa, si mchezo. Macho yakaingia ndani, ngozi ikasinyaa, na kabla watu hawajakubaliana wamtafutie dawa gani, akafa. Nduguze waliomfulia na kumwosha wakaja mlangoni, wakachovya mikono. Mji mzima ukaja, ukachovya mikono. Bi Nguchiro akashika ukingo, akaimba.

*Nawa, jirani, nawa,*
*Chozi lako ni langu.*

Matanga ya Swala hayajaanuliwa vizuri, Pundamilia akaanguka. Tumbo, macho ndani, ngozi imesinyaa. Akafa. Bi Nguchiro akatoa kibuyu, akachanganya mbegu ya maji, akashika ukingo, akaimba. Mji mzima ukachovya mikono.

Matanga ya Pundamilia hayajaisha, akaanguka nani? Akaanguka mume wa Bi Nguchiro mwenyewe. Lo! Asubuhi alikuwa akimtania mkewe kwamba mchuzi umezidi chumvi, jioni amelala chini hawezi kuinua shingo. Naye akafa.

Bi Nguchiro akabaki na mwanawe mmoja, Machano, ambaye meno ya mbele yalikuwa ndiyo kwanza yanang'oka. Na desturi ilisema yatima ndiye wa kwanza kunawa. Mkono wa Machano ulikuwa mfupi, haukufika kwenye maji. Mama yake akamshika kifundo, akamnyanyua, akauzamisha ule mkono mwenyewe, huku akiimba na machozi yakimtiririka.

"Nawa, mwanangu. Msiba huu ni wetu."

Mji sasa ukaingiwa na kiwewe. Kila nyumba kilio. Ndovu akaitisha baraza, na aliyesimama kwanza alikuwa Ngiri, ambaye sauti yake siku zote ilifika kabla ya akili yake.

"Mfalme, tumerogwa!" Ngiri akasema. "Angalieni nyumba zetu zote. Kwangu msiba, kwa huyu msiba, kwa yule msiba. Nyumba ya nani haijatoka jeneza? Nyumba ya Fisi! Fisi na wanawe wanene, wazima, wanacheka. Sasa mnataka niwaambie nini zaidi?"

Watu wakapiga makofi. "Kweli! Kweli kabisa!"

Na Bi Nguchiro naye, msimlaumu, alipiga makofi kuliko wote. Mume wake alikuwa bado mbichi kaburini.

Ndovu akakata shauri. "Jua likipinda, tutakwenda kwa Fisi. Nyumba tutaichoma, na yeye tutamfukuza kwa mawe."

Bi Nguchiro aliporudi nyumbani alimkuta Machano amejikunja mlangoni, tumbo kalishika.

"Mama, tumbo linaniuma. Nimekwenda nje, nimekwenda tena, nimekwenda tena."

Moyo wa Bi Nguchiro ulikatika. Akamlaza, akamwachia shangazi yake amnyweshe uji wa majimaji, akatimua mbio kwenda kwa Fisi kabla ya wenye mawe. Alikuwa hataki kumwonya. Alitaka amwangukie miguuni afungue uchawi.

"Kaka Fisi, nirudishie mwanangu! Mume umemla, niachie mtoto!"

Fisi alikuwa akisuka mkeka. Akauweka chini.

"Dada, mimi nimekula mume wako?"

"Mji mzima unaumwa, wewe huumwi!"

"Na hilo ndilo kosa langu, kutokuumwa?" Fisi akatikisa kichwa. "Mimi hata pole sikukupa, dada yangu. Nilikuja mpaka kwenye ua. Ngiri akanipiga na mwiko, akasema, huyu haji kulia, anakuja kunusa maiti. Nikarudi. Kwani si wewe uliyekuwa umeshika bakuli? Uliniona."

Bi Nguchiro alimwona, kweli. Aliendelea kuimba.

"Na si mimi tu niliye mzima," Fisi akasema. "Kobe mzima. Popo mzima. Nao ni wachawi? Nenda kawaulize, halafu uje unichome."

Bi Nguchiro akakimbia mpaka kwa Kobe. "Shemeji Kobe, ulikuwa wapi kwenye msiba wa Swala?"

"Njiani," Kobe akajibu kwa aibu. "Na wa Pundamilia, njiani. Na wa mumeo, shemeji yangu nisamehe, njiani pia. Kila nikifika nakuta matanga yameanuliwa, bakuli limeondolewa. Natoa pole kwa mdomo, narudi."

Akakimbia mpaka kwa Popo, akatikisa tawi. Popo akafumbua jicho moja. "Mimi? Nyinyi mnalia mchana, mimi mchana nimelala. Nikiamka mmeshatawanyika, sinia tupu. Hivi kuna mtu aliwahi kuniamsha?"

Bi Nguchiro akasimama pale chini ya tawi. Fisi alifukuzwa. Kobe alichelewa. Popo alilala. Watatu hawa hawafanani kwa lolote, si kwa ukoo wala kwa chakula. Wanafanana kwa jambo moja tu. Hakuna hata mmoja aliyechovya mkono kwenye bakuli.

Ndipo akakumbuka kwamba yuko wa nne aliye mzima. Mwenye bakuli. Asiyechovya, asiyekula.

Jamani! Akaitazama mikono yake. Mikono iliyotoa kibuyu kwa Swala ikakipeleka kwa Pundamilia, ikakitoa kwa Pundamilia ikakileta kwake. Mchawi aliyekuwa akitafutwa mji mzima ni mbegu ya maji. Na yeye ndiye aliyekuwa akiibeba, mlango kwa mlango, akiimba. Akaukumbuka na mkono wa Machano, jinsi ulivyokuwa mdogo, jinsi alivyouzamisha.

Akapiga ukelele mmoja, akarudi mbio kwa Fisi.

Alichelewa. Moshi ulikuwa umeshapanda. Wanawe Fisi walikuwa wamekimbilia porini, na Fisi mwenyewe yuko katikati ya duara, mawe yanamwangukia. Jiwe la Ngiri lilimpata kiunoni, kwaa!

"Acheni!" Bi Nguchiro akapenya katikati. "Si yeye! Ni bakuli! Ni maji yangu! Wote waliokufa baada ya Swala walichovya, na nyumba zisizo na msiba hazikuchovya!"

Kisha Ngiri akacheka. "Mnaona? Ameshalishwa kitu."

Ndovu akamtazama kwa huzuni. "Binti yangu, bakuli hilo ni la bibi zako. Walinawa babu zetu wakaishi. Umefiwa, uchungu umekupanda kichwani."

"Babu zetu hawakuletewa ugonjwa huu, mfalme! Swala aliurudisha kutoka safarini, waliomwosha wakautia majini, nasi tukaugawana!"

Nani alisikia? Fisi alipata upenyo, akajikokota akiburuta miguu ya nyuma, akaingia porini. Na wakati huo huo, kutoka upande wa nyumba ya Bi Nguchiro, kikasikika kilio cha shangazi.

Machano amekwisha.

Nyamazeni kidogo. Hapa hata mimi hunyamaza.

Mji ukaja msibani. Ukakuta bakuli liko mlangoni kama kawaida, maji tele. Lakini Bi Nguchiro hakushika ukingo, wala hakuimba. Alilinyanyua bakuli lote, akalipeleka mbali na mto, akamwaga maji ndani ya shimo mbele ya macho yao, akafukia.

Lo! Wako waliopiga mayowe. Wako waliofumba macho. Mama anamwaga maji ya mwanawe kabla ya matanga kuanuliwa! Haijapata kuonekana.

Akashika kibuyu cha mbegu apate kukivunja. Ngiri akamrukia, akamnyang'anya.

"Kama wewe huna haya, sisi tunayo! Nitamlilia mwanao kwangu, kwa desturi!" Akaondoka na kibuyu, na nyumba yake yote ikamfuata.

Bi Nguchiro hakumkimbiza. Nguvu hizo angezitoa wapi? Akaleta maji yaliyochemshwa, yamepoa, na majivu ya jikoni.

"Anayetaka kunipa pole, akinge mikono nimmiminie," akasema. "Maji yaanguke chini, yasirudi. Msiponionea huruma mimi, mwoneeni Machano. Kama nimekosea, mtaendelea kufa na mtanichoma kama mlivyomchoma Fisi. Kama sikukosea, mwanangu awe wa mwisho."

Wakanung'unika, wakasonya. Lakini nani atamkatalia mama aliyefiwa? Ndovu akatangulia, akakinga mkonga. Wakasugua majivu, wakamiminiwa, wakaingia kula.

Kisha wakasubiri. Kila aliyesikia tumbo kunguruma aliona kaburi. Siku zikapita. Kwa Ndovu, wazima. Kwa wajukuu wa Pundamilia, wazima. Kwa nduguze Swala, wazima. Mji ukaanza kupumua.

Kilio kikatoka nyumba moja tu. Nyumba ya Ngiri.

Akaanguka Ngiri, wakaanguka wanawe. Waliochovya kwenye mbegu ya maji ndio hao hao walioanguka, na jirani yao wa ukuta kwa ukuta, aliyenawia kwa Bi Nguchiro, hakukohoa hata kikohozi. Bi Nguchiro ndiye aliyekwenda kuwanywesha maji ya chumvi na uji, usiku na mchana, akinawa majivu kila akitoka. Watoto wakapona. Ngiri hakupona. Mkewe akakileta kile kibuyu mwenyewe, akakipiga chini mbele ya baraza, vipande vikaruka.

Hapo ndipo mji ulipojitazama mikono. Kwa mikono ile walipeana pole. Kwa mikono ile waliuana. Na kwa mikono ile ile walimpiga mawe aliyekuwa mzima, kwa sababu ni mzima.

Ndovu akatuma wajumbe porini wamwombe Fisi radhi, arudi mjini. Fisi akawasikiliza kwa mbali.

"Radhi yenu nimeisikia," akasema. "Mji wenu kaeni nao wenyewe."

Hakurudi. Ndiyo maana mpaka leo fisi hakai mjini, na akitembea utaona kiuno kimemshuka. Ni jiwe lile.

Lakini Bi Nguchiro alimwendea peke yake, amebeba mtungi na majivu. Fisi akataka kukimbia.

"Usikimbie, kaka. Siku ile uliponijia msibani nilikuona, nikaendelea kuimba. Nimekuja unipe pole yangu."

Fisi akageuka. Hakuna aliyewahi kumtaka pole, tangu azaliwe. Akakinga mikono. Bi Nguchiro akammiminia, maji yakaanguka chini yakanyonywa na mchanga.

"Pole, dada," Fisi akasema. "Pole sana kwa Machano."

Na Bi Nguchiro, ambaye tangu siku ya kifo cha Machano alikuwa hajatoa hata chozi moja, akakaa chini mchangani akamlilia mwanawe.

Basi wanangu, ngano hii inatufundisha kwamba ugonjwa wa kuambukiza hauna uso wa mchawi. Unapita mikononi, majini na kwenye sinia, tena unapenda kupita tunapopendana. Ukiingia mjini, msimtafute wa kumpiga mawe. Waulizeni wagonjwa walifanya nini, na wazima hawakufanya nini, na jibu likiwa ndani ya jambo mnalolipenda, liacheni. Mkingiane maji, msichovye pamoja.

Nilipoikuta nimeiacha. Atakayeibeba aibebe kwa mikono iliyonawa. Na nyinyi, kabla ya chakula, haya, piteni hapa mmoja mmoja niwamiminie.