Karatasi Juu ya Vitufe

Wapendwa, leo twende kidogo nyumbani kwa mwalimu mmoja mstaafu, mtu wa kupiga shati pasi hata siku ambayo hatoki. Mkewe alikuwa akitafsiri nyimbo za kanisani kwa Kikamba na kuzichapa kwenye kompyuta yao. Alifika wimbo wa sitini na mbili, akafariki. Ukabaki mmoja, aliouandika kwa kalamu kwenye daftari. Mwenye kiwanda cha uchapaji akamwambia mwalimu: ukiniletea huo mmoja kabla ya Ijumaa, kitabu kitatoka kwa ibada ya mavuno. Ukikosa, ni mwaka ujao.

Kazi ya saa moja, si ndiyo? Mwalimu naye alidhani hivyo.

Sasa, Kikamba kina i yenye kofia na u yenye kofia, na kibodi za dukani hazina herufi hizo. Yule mama alikata vipande viwili vya karatasi, akaandika herufi hizo kwa mkono wake, akavibandika kwa selotepu juu ya vitufe viwili vya upande wa kulia. Mumewe alimwona kwa miaka mingi akibonyeza pale, na herufi zikitokea. Lakini baada ya mazishi kompyuta iliharibika, ikatengenezwa na kuwekewa kila kitu upya. Jumatatu mwalimu anabonyeza u yenye kofia, skrini inamwandikia nuktamkato. Anarudia kwa nguvu zaidi. Nuktamkato.

Akafanya nini? Akanunua kibodi nyingine. Akabandua vile vipande viwili taratibu, kama anayemtoa mtoto mwiba mguuni, akavihamishia kwenye kibodi mpya. Nuktamkato. Jumatano akabadilisha selotepu. Mnacheka? Subirini, tutafika kwetu.

Alhamisi akamwita fundi mwingine, binti ambaye yeye mwenyewe alimfundisha darasa la sita.

"Kibodi zote mbili ni mbovu," akamwambia.

"Na hizi karatasi, Mwalimu?"

"Hizo ndizo zinazoandika. Alizitengeneza mwenyewe. Usiziguse."

Binti akatabasamu. "Mwalimu, wewe ndiye uliyekuwa ukininyima alama nikiandika jibu bila njia. Leo nikuonyeshe njia?"

"Haya. Nionyeshe."

"Kitufe hakijui herufi yoyote. Ukikibonyeza kinatuma namba tu. Hiki chako ni arobaini na saba. Programu inayochora madirisha kwenye skrini inapokea arobaini na saba, inatazama maelezo ya kibodi yaliyopakiwa kompyuta ilipowashwa, ndipo inajua iandike nini. Hata ukibandika hapa picha ya askofu, utaletewa nuktamkato."

Mwalimu akacheka, mara ya kwanza wiki ile. Kisha akazitazama zile karatasi. "Kwa hiyo yeye..."

"Mama aliandika maelezo yake mwenyewe. Karatasi zilikuwa za kuvikumbusha vidole. Hakuacha flashi?"

Aliiacha. Mwalimu alikuwa ameifunga ndani ya leso yake na kuiweka kabatini. Kila Jumapili, akitoka ibadani, aliitoa, akaishika kidogo, akairudisha. Miezi saba. Hakuichomeka hata mara moja. Kwake kilikuwa kitu cha kushika.

Ndani yake mlikuwa na faili moja fupi la mistari kumi na miwili. Mstari wa kwanza ni wa aina ambayo mashine huuruka, ulioandikwa kwa ajili ya watu tu: "Herufi za kwetu. Faili hili lipakiwe kila inapowashwa, la sivyo atahangaika."

Mwalimu aliusoma mara mbili. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

Binti akalipakia faili, akapanga lipakiwe kila kompyuta inapowashwa. Kibodi hakuigusa. "Jaribu sasa."

Akabonyeza arobaini na saba. Ikatokea u yenye kofia, imekaa vizuri kichwani, kama vile haikuwahi kuondoka. Alichapa beti zote nne huku akiziimba kwa sauti ya chini, na alipomaliza alikwenda mwenyewe jikoni kumpikia mwanafunzi wake chai.

Ndugu zangu, mimi na wewe tumebandika karatasi ngapi? Mzee wa kanisa. Mama wa kwaya. Mtu wa sala. Selotepu imekaza, mwandiko ni mzuri. Halafu mtoto anamwaga uji kwenye kitambaa cha wageni. Jirani anasogeza ua hatua mbili. Umebonyezwa. Kinatoka nini? Hakitoki kilichoandikwa juu. Kinatoka kilichopakiwa ndani. Na kikitoka kibaya, twakimbilia kubadilisha selotepu: kanisa jipya, sare mpya, cheo kipya.

Na maelezo yetu je, hatukuachiwa? Tunayo. Tumeyafunga kwa jalada la ngozi lenye zipu, tunayashika kila Jumapili, kisha tunayarudisha kabatini. Aliyeyaandika alijua tutahangaika, ndiyo maana aliyaandika. Si ya kushika.

Mwalimu hakuzibandua karatasi zile. Ni mwandiko wa mkewe, ziko palepale. Ila sasa anajua kazi ya karatasi ni ipi na ya faili ni ipi.

Kesho mtu atakubonyeza kabla ya saa mbili asubuhi. Amka mapema kuliko yeye, ufungue zipu.